Imam Abu Hanifa na Amana ya Dukani

Tumeulizwa katika darsa yetu khabari ya jambo ambalo limeanza kuwa la kawaida mijini. Mtu huenda dukani siku chache kabla ya Idi au arusi, akanunua kanzu ya thamani, akaihifadhi risiti asije akaipoteza. Siku yenyewe huivaa mbele za watu, na siku ya pili huikunja vizuri akairudisha na kudai pesa zake, kwa kuwa duka limeandika ya kwamba kitu hurudishwa ndani ya siku kadha. Je, pana ubaya gani, maadamu mwenye duka mwenyewe ameruhusu? Tumeona tujibu kwa kueleza maisha ya mtu aliyekuwa mwanachuoni mkubwa na mwenye duka pia, naye ni Imam Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amridhie.

Jina lake khasa ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa katika mji wa Kufa, nchi ya Iraq, mwaka 80 wa Hijra (699), na asili ya wazee wake ni Waajemi. Alianza ujana wake katika biashara ya nguo za khazi, nazo ni nguo za hariri iliyochanganywa na sufi. Mwanachuoni Shaabi alipoiona akili yake alimhimiza atafute ilimu. Basi akamwandama Sheikh Hammad bin Abi Sulayman, akakaa naye miaka 18 hata Sheikh huyo akafa mwaka 120, na Abu Hanifa akakaa mahali pake kusomesha. Lakini hakuliacha duka lake. Faida yake ndiyo iliyomtosha asihitaji mkono wa mtawala, na kwayo aliwasaidia wanafunzi wake walio mafakiri.

Sasa na tutazame alivyofanya biashara. Alikuwa na mshirika wake, Hafs bin Abdir-Rahman, ambaye alimpelekea bidhaa akauze. Safari moja alimpa nguo akamwonya ya kwamba mojawapo ina ila, basi asiiuze ila baada ya kumwonyesha mnunuzi. Hafs akasahau, akaiuza, wala asimjue aliyeinunua. Abu Hanifa alipopata khabari alizitoa sadaka pesa zote za mauzo yale, hata za nguo zilizokuwa nzima.

Mara nyingine alikuja mwanamke kumwuzia nguo ya hariri kwa dirhamu 100. Abu Hanifa akamwambia yapata zaidi. Mwanamke akapandisha mia baada ya mia hata zikafika 400, na Imam angali akisema yapata zaidi, hata yule mwanamke akadhani anachezewa. Mwishowe aliitwa mtu wa kuikadiria, na nguo ikanunuliwa kwa 500. Hapa Imam ndiye mnunuzi, na kutojua kwa mwenziwe kulikuwa fursa mkononi mwake, naye akaikataa.

Na husimuliwa ya kwamba siku moja alikwenda kumdai mtu wakati wa jua kali, akaacha kusimama kivulini mwa ukuta wa mdaiwa wake, akasimama juani. Alichelea kivuli kile kisije kikawa faida aipatayo kwa sababu ya deni, na faida ya deni ni riba. Ndugu zetu, mtu huyu aliogopa kivuli cha ukuta! Sisi twavaa kanzu ya mtu usiku kucha, twaitia jasho na udi, kisha twamrudishia kana kwamba hatukuigusa.

Ama hukumu yenyewe, sharia imemfungulia mnunuzi mlango wa kurudisha. Mtume (S.A.W.) alimpa sahaba mmoja aliyekuwa akipunjwa katika biashara khiyari ya siku tatu, na kwa hadithi hiyo Abu Hanifa akasema khiyari ya sharti haizidi siku tatu. Imam wetu Shafii, aliyezaliwa mwaka ule ule aliokufa Abu Hanifa, naye pia alishika siku hizo tatu. Lakini khiyari hiyo imewekwa ili mtu apate kufikiri na kujaribu. Katika madhehebu ya Abu Hanifa, mwenye kuivaa nguo ili aone urefu na upana wake, khiyari yake ingalipo. Akiivaa kwa haja yake, amekwisha kuiridhia, wala hana tena la kurudisha. Na katika madhehebu yetu, aliyeigundua ila kisha akaendelea kukitumia kitu, haki yake ya kukirudisha kwa ila ile imeanguka. Basi mwenye kununua naye ameazimia tangu nyumbani kuvaa na kurudisha, huyo hakununua. Ameazima bila ya idhini, na akaongeza uwongo.

Wala wenye maduka wasifurahi wakadhani maneno haya ni ya wanunuzi peke yao. Mwenye kuficha ila ya bidhaa, kisha akajikinga kwa maandishi ya kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, naye ni mdanganyifu. Na kumpokelea aliyejuta kwa kweli ni jambo lenye thawabu kubwa, Mtume (S.A.W.) amelisifu. Lakini wema huu huharibiwa na walaghai. Kila anaporudisha mmoja kwa hila, mwenye duka hufunga mlango, na anayeumia ni maskini aliyeuziwa kitu kibovu kwelikweli.

Khalifa Mansur alimtaka Abu Hanifa awe kadhi, akakataa kwa kuogopa haki za watu, akatiwa gerezani Baghdad. Akafa mwaka 150 (767), gerezani au karibu ya kutolewa, kama walivyokhitalifiana wenye taarikhi. Mtaa lilipo kaburi lake huitwa Adhamiya hata leo, kwa lakabu yake ya Imam Mkuu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuichunga mali ya wenzetu kama tunavyotaka yetu ichungwe. Amin.