Enrico Fermi: mzee wa kwenda taratibu

Wadau, leo nawaletea habari za marehemu Enrico Fermi, Mtaliano aliyezaliwa Roma mwaka 1901. Mwaka 1938 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Baada ya kuipokea hakurudi kwao, akaenda zake Marekani na familia, maana mkewe Laura alikuwa Myahudi na sheria za kibaguzi za Mussolini zilishaanza kubana.

Mimi namheshimu zaidi kwa siku moja tu, tarehe 2 Desemba 1942.

Chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, yeye na wenzake walikuwa wamepanga tabaka 57 za kinywe, yale madini ya penseli, na urani ndani yake. Hicho ndicho kinu cha kwanza cha nyuklia kutengenezwa na binadamu. Hakikuwa na ukuta wa kuzuia mionzi wala mfumo wa kupoza, na mji mzima uko jirani! Swali: ukivuta fimbo ya kadimi inayomeza nyutroni, kinu kitapanda kitulie, au kitapaa moja kwa moja?

Fermi hakubahatisha. George Weil alikuwa anavuta fimbo kidogo, wanasubiri. Kila hatua Fermi anapiga hesabu, anatabiri vipimo vitaishia wapi, ndipo anaangalia kama ni kweli. Kabla ya saa sita mchana fimbo ya usalama ikaanguka yenyewe, puu! Kikomo chake kilikuwa kimewekwa chini mno. Watu roho juu, yeye akawaambia wakale kwanza.

Saa tisa na dakika 25 alasiri kinu kikaanza kujiendesha. Baada ya dakika 28 akakizima. Nguvu yake? Nusu wati, haiwashi hata balbu ya maana.

Sasa linganisheni na Chernobyl, 1986. Nako walikuwa kwenye jaribio, ila mifumo kadhaa ya usalama ilizimwa na kazi ikalazimishwa iendelee. Kinu kikalipuka.

Simfanyi malaika. Elimu hiyohiyo ilizaa mabomu ya 1945, na Fermi alikuwemo. Alifariki Chicago Novemba 1954 kwa kansa ya tumbo, miaka 53 tu. Lakini jamani, mabosi wangapi wanaweza kusimamisha kazi kubwa namna ile ili watu wale kwanza?

Nawasilisha.