Von Lettow-Vorbeck: Jenerali aliyesalimu amri baada ya vita kwisha

MTO Songwe, unaopita jirani na Isongole wilayani Ileje, ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Waliouweka mpaka huo ni Wajerumani na Waingereza, kwa mkataba wa Julai 1, 1890. Septemba 1914, kikosi cha Wajerumani kiliuvuka mto huo kwenda kuishambulia Karonga, kikashindwa. Hivyo ndivyo Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyoanzia Ulaya, ilivyowafikia wakazi wa ukanda huu.

Aliyeiongoza vita hiyo upande wa Wajerumani katika Afrika Mashariki ni Paul von Lettow-Vorbeck. Alizaliwa Machi 20, 1870, mjini Saarlouis, akafuata nyayo za baba yake jeshini. Alitumwa China mwaka 1900, na kuanzia mwaka 1904 alikuwa Namibia, chini ya Jenerali Lothar von Trotha, wakati Waherero walipoangamizwa. Huko alijeruhiwa jicho.

Alitua Dar es Salaam Januari 1914 akiwa Luteni Kanali. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingizwe vitani, lakini Lettow-Vorbeck aliona vingine. Alijua kuwa hawezi kuishinda Uingereza, ila aliweza kuwavuta askari wake wengi huku Afrika ili wasipelekwe Ulaya.

Novemba 1914, akiwa na wapiganaji wapatao 1,000, alikirudisha baharini kikosi cha Waingereza na Wahindi wapatao 8,000 kilichotua Tanga, akateka silaha nyingi. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alimsukuma kusini kwa jeshi kubwa. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa, Oktoba 1917, aliuvuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Septemba 1918 alirejea, akapita Songea na Njombe, kisha akashika njia ya Mbozi. Mapema Novemba aliishambulia Fife, ng'ambo kidogo ya Tunduma, bila mafanikio, akasonga hadi Kasama. Vita ilikoma Ulaya Novemba 11, naye akapata habari siku mbili baadaye, karibu na Mto Chambeshi. Alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, akiwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168 na maelfu ya wapagazi.

Kwao alipokewa kama shujaa mwaka 1919. Mwaka uliofuata alishiriki jaribio la kuipindua serikali, akapoteza kazi yake ya jeshi. Baadaye, kuanzia mwaka 1928 hadi 1930, alikuwa mbunge.

Lakini sifa za jenerali huyo ziligharimiwa na watu wengine. Jeshi lisilopata shehena kutoka nje lililazimika kula nafaka na mifugo ya wanakijiji, na jeshi lililolifukuza lilifanya vivyo hivyo. Ugogo ilikumbwa na njaa ya Mtunya, iliyoua maelfu ya watu. Vijana walikamatwa vijijini kubeba mizigo ya pande zote mbili. Waingereza pekee waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hiyo, na waliofariki, wengi kwa maradhi na uchovu, hawakupungua 95,000. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg Machi 9, 1964, akiwa na miaka 93. Mwaka huohuo, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake Waafrika waliokuwa bado hai, miaka 46 baada ya vita. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Wapagazi, waliokuwa wengi kuliko askari na waliokufa kwa wingi zaidi, hawakuwamo, na makaburi yao mengi hayana alama hadi leo.