Matteo Ricci na Maandiko ya Wachina

Sisi tukiisha kuzijua herufi zetu chache, twaweza kusoma neno lo lote la Kiswahili. Uchina sivyo. Huko kila alama ni neno au sehemu ya neno, na mtu mwenye elimu hana budi kujua maelfu ya alama.

Matteo Ricci alizaliwa Macerata, katika Italia, mwaka wa 1552. Alisoma hesabu na elimu ya nyota huko Roma, kisha akawa padre. Mwaka wa 1582 alifika Macao, pwani ya Uchina. Alikuwa mtu mzima wa miaka 29, mwenye elimu nyingi. Lakini mbele ya maandiko ya Wachina alikuwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Naye alifahamu ya kuwa wakubwa wa nchi ile hawamsikilizi mtu asiyejua kusoma vitabu vyao. Basi hakuona haya kuanza upya.

Kwa kila alama ilimpasa kujua maana yake, namna ya kuiandika, na namna ya kuitamka. Katika Kichina, sauti ikipandishwa au ikishushwa, maana hugeuka. Kwa hiyo yeye na mwenziwe, Michele Ruggieri, walitunga kamusi, wakiandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kirumi.

Tena Ricci alizigawanya alama, akawaza picha moyoni. Alama ya vita, itamkwayo wu, ina sehemu mbili: moja ni mkuki, ya pili ni kuzuia. Basi akawaza askari ainuaye mkuki ili achome, na adui yake amkamataye mkono asichome. Picha hiyo haikumtoka tena.

Mwaka wa 1595, baada ya miaka 13 ya kujifunza, aliandika kitabu chake cha kwanza kwa Kichina, juu ya urafiki, na wenye elimu wakakipenda. Mwaka wa 1601 aliruhusiwa kukaa Beijing, mji wa mfalme. Huko alitoa ramani kubwa ya dunia mwaka wa 1602. Kisha yeye na mwanachuoni Xu Guangqi walifasiri sehemu ya kitabu cha hesabu cha Euclid, kikapigwa chapa mwaka wa 1607.

Alikufa Beijing mwaka wa 1610, na mfalme akatoa kiwanja azikwe. Jiwe la kaburi lake lipo hata leo, nalo limeandikwa kwa Kilatini na kwa alama za Wachina.