Tribhuvandas Patel, mtu wa soko la maziwa

Jina la Patel tumelizoea madukani, na familia nyingi zenye jina hilo hapa Afrika Mashariki asili yake ni wilaya ya Kaira, jimbo la Gujarat, India. Huko, katika mji wa Anand, alizaliwa Tribhuvandas Patel mwaka 1903. Ujanani alimfuata Mahatma Gandhi kudai uhuru, na Waingereza wakamfunga jela.

Wafugaji wa Kaira walikuwa na nyati wa maziwa mmoja au wawili tu. Kampuni ya Polson ndiyo iliyopewa na serikali haki ya kupeleka maziwa yao Bombay, na madalali wakapanga bei wanavyotaka. Januari 1946 wafugaji walikutana katika kijiji cha Samarkha wakaazimia kutouza hata tone. Mgomo ulidumu siku 15, serikali ikasalimu amri. Patel alizunguka kijiji hadi kijiji akihimiza ushirika, na Desemba mwaka huohuo chama kikaandikishwa, yeye akiwa mwenyekiti. Kilianza na vijiji viwili na lita 250 hivi kwa siku.

Wataalamu wetu wa ugani wangezingatia jambo moja hapa: Patel alitanguliza soko, mafunzo yakafuata. Maziwa yalipokelewa asubuhi na jioni, yakapimwa mafuta, na mfugaji akalipwa kwa kipimo hicho. Aliyeongeza maji alijipunja mwenyewe. Aliyeona fedha zinaongezeka kadiri maziwa yanavyokuwa bora hakuhitaji kubembelezwa anunue chakula bora cha mifugo. Mwaka 1964 chama kilifungua kiwanda chake cha chakula hicho huko Kanjari. Matibabu na uhimilishaji navyo vilitoka kwenye chama, yaani mali ya mfugaji mwenyewe. Tena watu wa matabaka yote walipanga foleni moja, jambo lisilo dogo India ya wakati ule.

Mwaka 1949 alifika Anand mhandisi kijana, Verghese Kurien, aliyekuwa akihesabu siku aondoke. Patel alimshawishi abaki. Mwaka 1955 kiwanda chao kilianza kutengeneza maziwa ya unga kutokana na maziwa ya nyati, jambo ambalo wataalamu wa nje walidai haliwezekani. Ndiyo Amul ya leo. Kurien ndiye anayesifiwa zaidi, ingawa aliyeaminiwa vijijini alikuwa Patel.

Alipostaafu miaka ya 1970, wanachama walimchangia rupia moja moja. Fedha hizo alizitoa kuanzisha mfuko wa afya ya mama na mtoto vijijini. Alifariki Juni 1994.