Charles Blackley, munganga aliyejikwaruza mkono ili ajue chanzo cha chafya

Mvua ikikatika Bukavu, kuanzia mwezi wa 6, vumbi hujaa katika njia za Cimpunda, komini ya Kadutu. Wapo wakaaji wanaoamka kila asubuhi na chafya, macho yakiwasha na pua ikitoka maji. Wengi husema ni mafua, hununua dawa farmasi, na mafua hayaishi. Vumbi na moshi wa makala vina sehemu yao. Lakini kuna kitu kingine kidogo sana: chavua, ule unga wa maua unaopeperushwa na upepo. Aliyethibitisha kwa majaribio kwamba unga huo unaleta ugonjwa ni Mwingereza Charles Harrison Blackley, aliyefariki mwaka 1900.

Blackley alizaliwa mwaka 1820 huko Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Hakuanza kama munganga. Ujana wake aliutumia katika kazi ya uchapaji Manchester, na alikuwa na miaka zaidi ya 30 alipoingia masomo ya utabibu. Shahada ya udaktari aliipata Brussels, Ubelgiji, mwaka 1874, wakati kitabu chake kikubwa kilikuwa kimekwisha kutoka.

Kila mwaka, majira ya joto, yeye mwenyewe aliugua chafya zisizokoma. Madaktari wa wakati ule walilaumu joto, mwanga wa jua, hewa fulani au harufu. Blackley alijaribu vyote hivyo kimoja kimoja juu ya mwili wake. Mwaka 1859 nyasi zenye maua zilizowekwa ndani ya chombo nyumbani mwake zilimpigisha chafya alipozisogelea. Hapo akaanza kushuku chavua.

Baadaye alijikwaruza mikono yote miwili kwa kisu kidogo cha munganga. Mkono mmoja akaupaka chavua ya nyasi iliyoloweshwa maji, mwingine akauacha bila chavua. Ule wa kwanza uliwasha na kuvimba. Wa pili haukupata shida. Jaribio hilo la ngozi, lililoboreshwa, ndilo linalofanywa hata leo hospitalini kwa kutafuta mzio, yaani alerji.

Hakuishia hapo. Alitega vioo vyenye utelezi unaonata, akahesabu chembe za chavua kwa darubini siku baada ya siku, akaona kwamba chembe zikiongezeka hewani naye anazidi kuugua. Kisha akarusha vioo hivyo angani kwa tiara, ile karatasi ya watoto inayopaa kwa kamba, hadi zaidi ya mita 300. Huko juu pia alikuta chavua. Kwa hiyo mtu anaweza kuugua hata kama hakuna shamba karibu naye. Charles Darwin alisoma kitabu chake cha mwaka 1873 na kuandikiana naye barua.

Kwa mkaaji wa Cimpunda, kazi ya Blackley inasahihisha kosa moja la kawaida: kulaumu maua mazuri. Ua lenye rangi kali huvuta nyuki na wadudu wengine, na chavua yake ni nzito, haisafiri mbali. Ya kuogopwa zaidi ni mimea ambayo maua yake hayatazamwi na mtu: nyasi za kando ya njia, sipresi, hata mahindi yanapotoa mbelewele. Dawa si kukata miti ovyo kwenye mlima unaomomonyoka kila mvua kubwa. Kufyeka nyasi kabla hazijachanua kunasaidia, na anayechagua mche wa kupanda shuleni au kanisani aweza kuanza na mti wa matunda kama avoka. Na kifua kikibana na kupiga filimbi, hayo si mafua tena: ni dalili za pumu, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja.

Jambo moja lilimsumbua Blackley: wakulima, waliopumua chavua nyingi kuliko wote, waliugua mara chache kuliko watu wa mjini waliosoma. Alitabiri kwamba ugonjwa ungeenea pamoja na elimu na maisha ya kisasa, na huko Ulaya ndivyo ilivyokuwa.

Wenzake hawakumjali sana. Sindano za kwanza za kuzoesha mwili chavua zilitangazwa London na Leonard Noon mwaka 1911. Hata neno alerji Blackley hakulisikia: lilitungwa na Clemens von Pirquet, munganga wa Vienna, mwaka 1906.