Shaaban Robert: Mwandishi aliyempa mtuhumiwa nafasi ya kujieleza

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

JINA la mji huu uliotandazwa juu ya nyanda za Ufipa, wenyeji wengi hulifasiri kwa maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Mgeni anayeingia Sumbawanga huambiwa maana hiyo mapema, aghalabu kwa mzaha.

Lakini mwaka 1963 na 1964 jambo hilo halikuwa mzaha. Vijijini Ufipa ilipita harakati ya kuwasaka wachawi iliyojulikana kwa jina la Kamcape, ambayo mtafiti Roy Willis, aliyekuwako huku miaka hiyo, aliieleza katika makala yake ya mwaka 1968. Vijana walijiunga na waganga hao wa kupita, nao wazee wa vijiji ndio walionyooshewa vidole, wakachanjwa dawa mbele ya watu. Hukumu ilitangulia, na maelezo ya mtuhumiwa hayakuwa na mwenye haja nayo.

Mwaka mmoja kabla ya msako huo, Juni 1962, alifariki dunia mtu aliyetumia nusu ya umri wake kuwaandikia vijana wa nchi hii juu ya kosa hilohilo. Hakuwa Mfipa. Alikuwa mtu wa pwani, Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vimesomwa na vizazi vya wanafunzi katika shule za nchi hii.

Alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga, katika ukoo wenye asili ya Kiyao. Jina la Robert limewafanya wengi wasiomjua wamdhanie kuwa Mkristo, ilhali alikuwa Mwislamu. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, na hapo elimu yake ya darasani ikakoma. Yaliyobaki alijifunza mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya Pangani na kwingineko hadi mwaka 1944. Kisha alihamishiwa Mpwapwa katika idara ya mifugo, na mwaka 1946 akarejea Tanga, ambako alitumikia ofisi ya mkuu wa jimbo na baadaye idara ya upimaji mpaka alipostaafu. Karani Mwafrika wa enzi ile alihukumiwa kwa rangi yake kabla hajafungua kinywa, na huenda ndiyo sababu mahakama na watuhumiwa hawaishi katika hadithi zake.

Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kijana Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Badala ya kupiga magoti na kuomba radhi, Karama anatumia siku sita kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, nao kila waliporejea wakatupwa gerezani. Wahakiki wengi wameiona nchi hiyo inayoelea angani kuwa ni Tanganyika chini ya mkoloni.

Hata hivyo, kitabu kinachomfaa zaidi kijana ni Adili na Nduguze cha mwaka 1952. Ikibali, aliyetumwa na Mfalme Rai kukusanya kodi, anagundua kwamba Adili, mtawala wa Janibu mwenye sifa ya upole, huwachapa manyani wawili kila usiku. Taarifa inafika kwa mfalme, na msomaji naye amekwisha kukata shauri: kumbe huyu ni mnafiki na katili.

Rai hafanyi hivyo. Anamwita Adili pamoja na manyani wake, anauliza, kisha anasikiliza. Ndipo inapojulikana kwamba wanyama hao ni kaka zake Adili, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa choyo, wakageuzwa manyani na jini Huria, naye Adili akaamriwa kuwachapa kila usiku, la sivyo adhabu imrudie mwenyewe. Huwachapa huku akilia.

Kisa hicho hakikuwa kipya. Asili yake ni hadithi ya Abdallah bin Fadil katika Alfu Lela U Lela, ambamo ndugu waovu hurudia uovu wao hata baada ya kusamehewa, na mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo. Katika kitabu chake Rai anawaombea kwa mfalme wa majini, wanarudishiwa ubinadamu wao, wanatubu na kuishi.

Wapo wanaomlaumu kwamba wahusika wake hubandikwa tabia katika majina, kiasi kwamba msomaji anamjua mbaya tangu ukurasa wa kwanza. Lawama hiyo ina uzito. Lakini hapa jambo la ajabu linatokea: mtu anayeitwa Hasidi na mwingine aitwaye Mwivu, waliohukumiwa na majina yao wenyewe, wanapewa nafasi ya kuwa watu wengine. Kijana wa Nkasi au Kalambo, aliyekulia mahali ambapo jina la mchawi likikushika halikubanduki, ataelewa uzito wa mabadiliko hayo kuliko mhakiki wa chuo kikuu.

Moyo huo alikuwa nao nje ya hadithi pia. Alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi, na watoto aliowalea aliwatungia tenzi za malezi, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe. Mwaka 1950 alimhoji Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyekuwa karibu na mwisho wa uhai wake, mchuuzi wa vyungu wa zamani aliyekebehiwa kwa sura yake hata baada ya kupata umaarufu. Kutokana na mazungumzo hayo aliandika wasifu uliochapishwa mwaka 1958.

Serikali ya kikoloni ilimtunuku nishani ya MBE, na kabla ya kufa alitumikia Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hakuviona vitabu vyake vyote vikichapishwa. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata mwaka 1968, na barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kuanzia mwaka 1931 zilichapishwa mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake.