Kasisi Henry Moule wa Fordington

Tumezoea kusoma habari za watumishi wa Mungu walioacha nyuma yao makanisa, shule, tafsiri za Biblia na nyimbo. Mtumishi tunayemkumbuka safari hii aliacha choo. Msicheke. Katika Kanisa letu la Anglikana hawakuwa wengi waliohubiri Injili kwa bidii kama Kasisi Henry Moule, wala hawakuwa wengi waliochimba udongo kwa bidii kama yeye, na mwenyewe hakuona kwamba kazi hizo mbili zinagombana.

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1801 katika mji mdogo wa Melksham, Uingereza, akiwa mwana wa sita wa mwanasheria mmoja aliyekuwa pia na benki. Alisoma Chuo cha St John's, Cambridge, akamaliza mwaka 1821. Mwaka 1823 akawekewa mikono, na mwaka uliofuata akamwoa Bibi Mary Mullett Evans. Mwaka 1829 alipewa parishi ya Fordington, kando ya mji wa Dorchester, kusini mwa nchi. Hakuhama tena. Alikaa katika parishi hiyo moja zaidi ya miaka hamsini, mpaka kufa.

Miaka ya kwanza haikuwa ya amani. Kasisi Moule alikuwa Mwinjilisti wa kweli kweli, mkali kwa dhambi, na watu wa Fordington hawakuwa wamezoea kuambiwa mambo yao wazi. Mwaka 1833 alipinga mashindano ya farasi ya Dorchester, kwa sababu ya ulevi na kamari iliyofuatana nayo, hata mashindano yakakoma. Mnaweza kufikiri wenyewe jinsi wapenda mbio walivyompenda baada ya hapo! Ila hakuwa mtu wa kukataza tu. Aliwahudumia pia askari wa kambi ya Dorchester, na fedha alizopata kwa kuchapisha mahubiri aliyowahubiria zilisaidia kujenga kanisa, Christ Church, mwaka 1846, kwa ajili yao na kwa ajili ya watu wa upande wa magharibi wa parishi waliokuwa mbali.

Ndani ya parishi ile palikuwa na mtaa mmoja ulioitwa Mill Street, chini karibu na mto Frome. Ardhi ya Fordington ilikuwa mali ya Duchy of Cornwall, yaani milki kubwa ambayo mapato yake ni ya mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza. Mashamba ya milki hiyo yaliuzunguka mji wa Dorchester, wala hayakuruhusiwa kujengwa, kwa hiyo maskini wote waliokosa nafasi mjini na vijijini walisongamana katika kipande kile kidogo cha bondeni. Zaidi ya watu elfu moja waliishi hapo katika vibanda vilivyobanana juu ya ardhi ya tope. Nyumba nyingi hazikuwa na choo chochote. Uchafu ulimwagwa katika mfereji wa wazi uliopita mtaani, au moja kwa moja katika bwawa la kinu, na katika bwawa hilo hilo watu walichota maji ya kufulia, na wakati mwingine ya kupikia. Aliyepata kutembea katika mitaa ya mabondeni ya miji yetu wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia Fordington. Kasisi Moule aliingia katika vibanda vile mchana na usiku, akiomba na wagonjwa, akiwahudumia, akizika. Ugonjwa ukapita. Mtaa ukabaki kama ulivyokuwa.

Mwaka 1854 kikarudi, na safari hii njia yake ilionekana wazi. Katika gereza la Millbank, London, wafungwa walikuwa wanakufa kwa kipindupindu. Serikali ikaona ni vema kuwaondoa, ikawapeleka mamia kwa mamia katika kambi ya askari pale Dorchester. Nguo zao zikapewa wanawake wa Fordington kuzifua. Ndiyo kazi waliyoitegemea wale akina mama, kufua nguo za watu kwa senti chache, nao hawakuwa na sababu ya kukataa mzigo uliotoka kambini. Punde si punde ugonjwa ukawa ndani ya nyumba zao. Hivyo hatari ilitolewa mji mkuu ikawekwa mlangoni mwa maskini, na sidhani kama aliyetia saini amri ile alipata kuijua Mill Street hata kwa jina.

Wakati huo waganga wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Ni katika mwaka huo huo wa 1854 Daktari John Snow alipoonyesha, kule Soho, London, kwamba waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja, na wengi hawakumsadiki. Kasisi Moule hakuwa mganga. Lakini macho alikuwa nayo. Aliagiza nguo na matandiko ya wagonjwa yachomwe moto au yachemshwe. Ibada alizitoa ndani ya kanisa akazifanya nje uwanjani, ili watu wasibanane. Aliingia tena katika kila nyumba yenye mgonjwa, bila kujali nafsi yake. Watu wa Fordington walikufa, lakini ugonjwa haukuenea katika mji wa Dorchester uliokuwa hatua chache tu kutoka pale. Tangu siku hizo wale waliomchukia kwa ajili ya mbio za farasi walianza kumtazama kwa namna nyingine.

Hapa ndipo pangekuwa mwisho wa hadithi kwa kasisi wa kawaida: amewazika wafu, amewafariji walio hai, amemshukuru Mungu kwa kuondoa pigo. Kasisi Moule hakuweza kutulia. Aliona kwamba hao aliowazika hawakuuawa na mapenzi ya Mungu peke yake. Kuna wenye ardhi waliopokea kodi na kuacha watu wakae juu ya kinyesi. Basi akaketi akamwandikia mwenye dhamana ya milki ile, Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, aliyekuwa akiisimamia kwa niaba ya mwanawe aliye mdogo. Aliandika barua nane, akazichapisha mwaka 1855 ili kila mtu azisome. Ndani yake alieleza hali ya nyumba, mfereji na bwawa, na jinsi taratibu za milki zilivyowasonga watu. Kasisi wa parishi maskini kumwandikia mume wa Malkia kwa lugha ya namna hiyo, na hadharani, halikuwa jambo dogo. Hata hivyo Mill Street haikugeuka mtaa mwema kwa sababu ya barua. Iliendelea kuwa mtaa wa maskini kwa miaka mingi, na mwandishi Thomas Hardy, aliyeijua familia ya Moule vizuri, aliutumia mtaa huo, kwa jina jingine, katika riwaya yake ya mwaka 1886.

Kama wakubwa hawaji na koleo, ilibidi aanze na la kwake. Katika kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka vibaya hata wabunge wakashindwa kukaa katika jengo lao, na nchi nzima ikaanza kuzungumza habari za uchafu. Kasisi Moule akatazama nyumbani kwake. Shimo la choo la nyumba ya kasisi lilikuwa likivuja na kumwudhi jirani. Akalifukia. Akaiamuru jamaa yake yote itumie ndoo, na yaliyomo yakawa yanazikwa bustanini katika mtaro usio na kina kirefu. Baada ya wiki tatu au nne alifukua ili aone. Hakukuta kitu ila udongo.

Jambo hili lilimshangaza. Akaendelea kujaribu bandani, akichanganya kinyesi na udongo mkavu uliochekechwa, akaona kwamba baada ya dakika chache harufu imekwisha. Akaukausha udongo ule ule na kuutumia tena, mpaka mara tano. Wasomaji watakumbuka kwamba katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, Waisraeli waliamriwa kuwa na kitu cha kuchimbia na kufukia kile kitokacho kwao wanapokuwa kambini. Sheria hiyo ilisomwa makanisani miaka elfu na mia nane. Hapa alitokea kasisi aliyekwenda kuijaribu.

Tarehe 28 Mei 1860, yeye na mwenzake James Bannehr walipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wao. Choo chenyewe kilikuwa chepesi kueleweka. Ni kiti cha mbao chenye ndoo chini yake, na nyuma ya kiti pana sanduku lililojaa udongo mkavu. Mtu akimaliza huvuta mpini, na udongo kiasi cha ratili moja na nusu huanguka ndani ya ndoo na kufunika. Sharti lilikuwa moja tu, udongo uwe mkavu. Mchanga haukufaa sana. Udongo wa shambani wenye kushika ndio uliokuwa bora.

Kasisi Moule hakusahau kwamba watu aliowatumikia walikuwa wa mashamba. Alitaka uchafu uondoke mtaroni na kurudi shambani. Mkulima mmoja alikubali kugawa shamba mara mbili: nusu moja ilitiwa udongo uliokwisha kutumika chooni mara tano, nusu ya pili ilitiwa mbolea ya chumvichumvi ya kununua, kwa uzito ule ule. Mimea ya mizizi ya kulishia mifugo iliyopandwa katika udongo wa choo ilizidi ile nyingine kwa theluthi moja.

Habari zikaenea. Mwaka 1868, katika kambi ya askari wa kujitolea huko Wimbledon, viliwekwa vyoo 148 vya namna hii, navyo vilisifiwa kwa kutonuka. Vilikwenda mahospitalini, mashuleni, vijijini, na India vilitumiwa kwa wingi. Mwenyewe aliandika kijitabu baada ya kijitabu akiwasihi wenye miji waache kupeleka uchafu mtoni.

Katika shindano hilo hakushinda. London ilijenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi, na miji mingine ikafuata. Tuseme kweli, kuchukua udongo mkavu mpaka kila nyumba ya mji mkubwa, kisha kuutoa tena, ni kazi ya mikokoteni isiyo na mwisho. Tena alikosea mahali pamoja: alidhani harufu ikiisha hatari nayo imekwisha. Robert Koch alitambulisha kijidudu cha kipindupindu mwaka 1884, miaka minne baada ya Kasisi Moule kufa. Leo twajua kwamba kinyesi kilichochanganywa na udongo au majivu yafaa kikae kikavu miezi mingi, si dakika kumi, kabla ya kutiwa kwenye mboga. Lakini katika neno lake kuu hakukosea, kwamba mahali pasipo maji ya kutosha na mifereji ya kweli, choo cha kuvuta maji huhamisha tu uchafu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule aliye bondeni. Wale wanaojenga vyoo vikavu vya vyumba viwili katika nchi zetu, kimoja kikitumika huku kingine kikifungwa na kuachwa kiive, wanatembea katika njia aliyoianza. Hata bibi anayemwaga majivu katika choo chake cha shimo ana jambo la kuzungumza naye.

Nyumbani alijaliwa wana wanane. Mmoja alifariki akiwa mtoto mchanga. George na Arthur walikwenda China na C.M.S., chama kile kile kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844. George akawa askofu huko mwaka 1880, na Handley, mdogo wao, akawa Askofu wa Durham mwaka 1901. Lakini Horace, rafiki mpendwa wa Thomas Hardy, alijiua mwaka 1873 huko Cambridge. Baba mtu alikuwa na umri wa miaka 72. Bibi Mary alifariki mwezi wa Agosti 1877.

Hata katika miaka hiyo ya majonzi hakuacha kutafuta. Mwaka 1874 aliandikia gazeti la Times akieleza jinsi ya kupata gesi ya taa kutoka katika mawe ya pwani ya Kimmeridge, ili watu wa kule wapate mwanga kwa bei nafuu. Mpango huo haukufika mbali. Alifariki katika nyumba ya kasisi ya Fordington tarehe 3 Februari 1880, akiwa bado kasisi wa parishi ile.